Plaki za Watu Wanne

Katika Bunia yote hakuna mutu aliyehamisha vitu vizito kunipita miye. Siandiki hivyo ili nisifiwe. Nenda sokoni uulize. Matanki ya mafuta, mashini za kusaga muhogo, kengele ya kanisa yenye uzito wa ng'ombe wawili, na sanduku la chuma la feza ambalo watu sita walishindwa kulitoa mulangoni. Miye nililitoa kwa kuvunja ukuta, nikaujenga upya siku ileile, na mwenye nyumba aliporudi hakuona hata alama. Nilianza na baiskeli. Nilikuwa nasukuma mbao kutoka soko mpaka Bigo, mbao kumi na mbili kwa safari moja, wakati wenzangu walikuwa wanachukua nane na kulalamika. Shule niliiacha mwaka wa tatu wa primeri. Leo niko na kamyo tatu, na nyumba Ngezi yenye karo, vile vigae vya sakafuni, mpaka jikoni. Hesabu ninapiga kichwani, na mara nyingi ninamaliza wakati mwenye kalamu bado anatafuta karatasi.

Hii ninayoandika inahusu hesabu moja niliyoipiga vizuri kuliko zote.

Kampuni ya barabara ilikuwa inafungua karieri ya mawe nje kidogo ya muji. Walikuwa wameleta konkaseri, ile mashini ya kuvunja mawe, kubwa kama nyumba ya vyumba viwili. Ilikuwa inalala juu ya trela, ikingojea kunyanyuliwa na kuwekwa juu ya nguzo za beto, yaani zege. Ya kuinyanyua ilikuwa gruu, winchi kubwa ya kukodi kutoka upande wa Uganda, yenye miguu minne ya chuma inayotoka mbavuni na kukanyaga chini wakati wa kazi. Shida ilikuwa hapo chini. Karieri ile iko karibu na kijito, na udongo wake ni mweusi, laini kama ugali usioiva. Gruu isingeweza kukanyaga hapo bila sakafu ya kuibeba. Sakafu hiyo ndiyo kazi niliyoitaka.

Niliitaka kuliko kitu chochote mwaka ule. Kampuni ilikuwa na karieri zingine mbili za kufungua, na ilijulikana kwamba mutu atakayetengeneza sakafu ya kwanza ikasimama, atapewa na zile zingine. Maisha yangu yote nilikuwa nalipwa kwa safari: peleka hiki, leta kile, asante, kwenda. Sikuwa nimewahi kushika kontra, mukataba wenye tampo, ule muhuri wa kampuni. Na aliyekuwa anashindana nami alikuwa kijana mwenye diplome, shati jeupe, anayesema Kifaransa hata na mbwa.

Mwenye kuamua alikuwa enjenyere, mwanamuke kijana kutoka Goma, mwembamba, buti zake kubwa kuliko miguu. Aliniita papa, yaani baba, lakini kwa sauti ya mutu anayekupima. Siku ya kwanza alinikalisha ndani ya kontena waliyoifanya biro ya kufanyia kazi, mbele ya kompyuta yake.

"Papa, bei ya duka hainisaidie. Mimi nataka bei mpaka kitu inalala hapa, kwa matope, chini ya gruu."

"Mama, hiyo nilijua mbele weye uzaliwe."

"Basi itakuwa rahisi. Niletee njia tatu, na bei ya kila njia. Nitazilinganisha."

"Kulinganisha ni kazi yangu. Weye ngojea ya mwisho tu."

Alitabasamu kidogo, akageuza kompyuta upande wake. "Niletee zote tatu, papa."

Njia ya kwanza ilikuwa mbao, yaani magogo manene yaliyopasuliwa mraba, kutoka musitu wa Mambasa. Kule porini ni bei ya kuchekesha, karibu bure. Lakini mbao mbichi imejaa maji; kamyo unayoona itabeba arobaini inabeba kumi na nane. Halafu barabara. Unafika Komanda unangojea wasikari wapange musafara, siku mbili, siku tano, dereva anakula, matairi yanakaa juani. Na kuko hesabu nyingine ambayo enjenyere hana musitari wake. Miaka michache kabla ya hapo, dereva wangu mumoja alirudi kutoka njia ile kwa miguu, bila viatu, na kamyo sikuiona tena mpaka leo. Kwa hiyo mbao nilizilinganisha na uso wa yule dereva, nikaziacha.

Njia ya pili: plaki za chuma kutoka Kampala, kwa kamyo, kupitia mupaka wa Mahagi na barabara ya Djugu. Plaki hizi si bati la nyumba unalokunja kwa mukono. Ziko na urefu wa mita tatu, upana wa mita moja, unene kama kidole. Kwa njia ya Mahagi zinafika, hilo sitalikataa, ila usafiri unakula karibu nusu ya bei ya chuma chenyewe. Mwenye diplome alikuwa amechukua hiyo. Nilijua kwa sababu dereva aliyeombwa bei ni rafiki yangu.

Yangu ilikuwa ya tatu, ya ziwa. Kutoka Kampala mpaka ufuko wa ng'ambo barabara ni nzuri, halafu boti mpaka Kasenyi, halafu kamyo yangu mwenyewe inapandisha mulima mpaka Bunia. Kichwani niliona bei inashuka kama maji. Nikatelemuka Kasenyi kusikia watu wa boti wanasema nini.

Kapita, yaani musimamizi wa wabebaji pale, ni mutu mufupi, shingo nene, anayeongea huku anaangalia maji, si weye. Nikamuchorea plaki kwenye muchanga kwa kisigino.

"Inabebwa na batu ngapi?" aliniuliza.

"Nane."

Akacheka, na wenzake waliokuwa wanashusha samaki kavu wakacheka bila kujua ni kwa nini. "Mukubwa, hiyo haiko muzigo. Hiyo ni bibi arusi. Inataka boti yake peke yake."

"Namna gani?"

"Sikia. Hapa siye hatuna mizani. Kipimo yetu ni moja. Upepo ikitukamata kule katikati, tunatupa. Kitu yenye batu wanne wanaweza kuokota na kutupa, inalipa kama muzigo ya kawaida, na nyingine zinapanda juu yake, hakuna tatizo. Kitu yenye inashinda batu wanne, hatuwezi kuitupa, itazama na siye. Hiyo inalipa boti muzima."

"Hata ikiwa moja tu?"

"Hata ikiwa kabati ya mama yako."

Nikapiga hesabu. Sakafu ilitaka plaki ishirini; ishirini kwa bei ya boti nzima kila moja zilikuwa ghali kuliko Mahagi. Nikakaa juu ya gunia. Wanamuke walikuwa wanapita na beseni, mutu na mwenzake wanabeba moteri ya boti kwenye muti, kila kitu pale kinapimwa kwa migongo ya watu. Na hapo ndipo akili yangu, ambayo hakuna aliyeifundisha, ilinionyesha njia.

"Na kama ninakata plaki katikati?"

Kapita aliangalia muchoro wangu. Kwa mara ya kwanza akaniangalia na miye. "Batu wanne wanatosha hapo. Inakuwa kama gunia ya samaki tu."

Ng'ambo kule kuko fundi mwenye moto wa gesi. Plaki moja kwake ni kazi ya muda wa kunywa chai. Hata na feza ya fundi ndani, njia yangu ilishusha usafiri chini ya nusu ya ule wa Mahagi. Nilipandisha mulima naimba. Mutu mwenye diplome angekaa na kalamu mwaka muzima bila kufikiri kwenda kumuuliza kapita wa Kasenyi kitu kinatupwa namna gani majini. Hiyo ninasema mpaka leo.

Enjenyere alisoma bei zangu tatu, akarudi juu, akasoma tena ile ya tatu.

"Papa, hii umepitisha na malaika?"

"Siri ya kazi, mama."

"Ni plaki zilezile? Mita tatu?"

"Mita tatu."

Niliposema hivyo nilimaanisha ndivyo nitakavyozinunua. Yeye aliandika ndivyo zitakavyofika. Sikumusahihisha. Wiki ile nikapata kontra.

Nyumbani niliiweka mezani mbele ya bibi yangu, muke wangu wa ndoa. Alijipanguza mikono kwanza.

"Umeisoma?"

"Kuko tampo, ona."

"Nimekuuliza kama umeisoma." Bibi yangu alifika sekondari, hajawahi kunitupia hilo usoni, lakini macho yake yanakwenda haraka kwenye karatasi. "Hapa wameandika plaki nzima."

"Zitakuwa nzima. Nani anauza plaki yenye tundu?"

"Basi muzuri," akasema, akairudisha ndani ya bahasha.

Nilijua tofauti. Sitaki mutu afikiri sikujua kwa sababu sikusoma. Kwa miaka ishirini nimelaza mbao juu ya matope ili kamyo ipite. Plaki nzima ukiikanyaga pahali popote, inapeleka uzito mpaka ncha zote mbili. Nusu ukiikanyaga karibu na ukingo, ule ukingo unazama na upande mwingine unainuka, kama kifuniko cha sufuria ukigandamiza pembeni. Nilijua. Nikajiambia kwamba chuma ni chuma, kwamba muguu wa gruu ni mupana, kwamba siku moja tu ya kazi itapita. Bei nilikuwa nimeisha kuitoa, na ile bei ndiyo iliyonipatia tampo.

Zikavuka salama. Nusu arobaini, watu wanne kwa kila moja, hakuna hata moja iliyotupwa. Kapita alinipigia simu mwenyewe: "Mukubwa, samaki yako imefika."

Enjenyere alikuwa amekwenda Goma kwa wiki mbili, na miye nikapanga sakafu bila yeye. Nilizilaza nusu kwa nusu, ncha kwa ncha, zikifuatana kama zilivyokuwa kabla ya kukatwa. Kazi ilikuwa safi. Lakini pale moto ulipopita, chuma kilibaki na musitari wa buluu na makovu, na ukisimama juu ya kilima cha karieri uliona viungo vyote vinang'aa. Nikaagiza kamyo mbili za udongo mwekundu, nikamwaga juu, nikasawazisha mpaka ikawa kama uwanja wa kanisa. Wafanyakazi niliwaambia ni ili matairi ya gruu yasiteleze. Hiyo ni kweli, chuma chenye maji kinateleza. Siyo kweli yote.

Gruu iliingia siku ya tatu ya wiki, asubuhi, na enjenyere nyuma yake ndani ya jipu. Dereva wa gruu alikuwa muzee wa Butembo, aliyefanya kazi ng'ambo miaka mingi, nywele nyeupe chini ya kofia ya sufu, na sauti ya chini sana. Niliisha kusikia habari zake: mutu ambaye hajawahi kuangusha kitu. Alishuka, akanisalimu kwa mikono miwili, akasimama pembeni mwa sakafu yangu.

"Umesawazisha muzuri, ndugu yangu."

"Ni kazi yangu, muzee."

"Chini ya udongo kuko plaki?"

"Plaki tupu."

"Nzima?"

Enjenyere alikuwa hatua mbili kutoka hapo, anafunga redio kwenye mukanda.

"Nzima, muzee," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa. Hakuchukua chuma kugonga, hakufukua udongo hata kwa ncha ya kiatu. Akapanda ndani ya gruu, akaiingiza juu ya sakafu, akatoa miguu minne, mumoja mumoja, ikakanyaga udongo wangu mwekundu na kusimama. Nilikuwa nimevaa viatu vya misa siku ile. Kijana mwenye diplome alikuwa amekuja kutazama. Alisimama mbali, mikono mifukoni.

Wakafunga konkaseri kwa nyaya. Enjenyere alisimama mbele, redio mudomoni. Muzee akavuta. Nyaya zikakazika, trela ikapumua, na ile nyumba ya chuma ikaachana na mbao zake, kwanza upana wa mukono, halafu urefu wa mutoto, halafu ikawa juu ya vichwa vyetu. Gruu ikaanza kuigeuza polepole kuelekea nguzo za beto. Wafanyakazi walipiga makofi. Miye nilikuwa naangalia chini.

Karibu na muguu wa nyuma wa kushoto, udongo mwekundu ulikuwa umepasuka. Mutu mwingine angeona udongo unaokauka. Lakini udongo ukikauka unapasuka ovyo, kama mizizi. Huu ulipasuka musitari mumoja, umenyooka, kama uliopigwa rula. Katika watu wote waliokuwa pale, miye peke yangu nilijua ule musitari ni nini. Muguu ulikuwa umekanyaga ukingo wa nusu.

Nilisubiri. Niandike kama ilivyokuwa: nilisubiri. Nilijiambia umepasuka kidogo, hautaendelea. Niliona kontra ndani ya bahasha. Niliona shati jeupe pembeni. Gruu ikageuka tena kiasi, uzito ukahamia zaidi kushoto, na upande wa pili wa ile nusu ukaanza kuinuka. Ulisukuma udongo juu taratibu, kama panya anayetembea chini ya mukeka. Nikatazama juu. Muzee alikuwa ndani ya kioo chake, macho kwenye muzigo, hawezi kuona nyuma. Kama muguu ule unazama, konkaseri inavuta gruu, na yeye ndani yake.

"Simamisha!" nikalia. "Simamisha! Mama, mwambie asimamishe!"

Enjenyere alisema neno moja kwenye redio. Kila kitu kikasimama, na konkaseri ikabaki angani inayumba kidogo, nusu ya njia.

"Kuko nini, papa?"

"Pale iko kiungo. Plaki inainuka."

"Kiungo gani? Plaki ni mita tatu, muguu uko katikati."

"Haziko mita tatu. Nilizikata."

Aliniangalia kama sijasema Kiswahili. "Ulikata ngapi?"

"Zote."

Redio ilikuwa bado imefunguliwa mukononi mwake. Sauti ya muzee ikatoka humo, ya chini vilevile: "Nimesikia. Mama, siwezi kuishusha hapa, chini yake iko shimo la msingi. Ninapaswa kugeuka. Nikirudi kwa trela ninapita juu ya huyu muguu mubaya. Nikigeuka kulia, uzito inaenda kwa muguu ya nyuma ya kulia. Hiyo ya kulia inakanyaga wapi? Muulize. Yeye ndiye anajua."

Miye ndiye nilijua, na sikujua. Nilikuwa nimefunika kazi yangu vizuri mpaka hata miye sikuona tena kiungo kiko wapi. Nikakimbia. Enjenyere alipiga kelele nisipite chini ya muzigo, nikazunguka nyuma ya gruu, nikaanguka magoti penye muguu wa kulia na kuanza kukwangua udongo kwa mikono. Kulikuwa na kelele ya moteri tu. Nikapata chuma, lakini chuma bila musitari hakisemi kitu. Nikakwangua kwenda mbele, hakuna. Nikarudi nyuma, kucha zikavunjika, na hapo vidole vyangu vikapita juu ya kovu la moto. Nikapima kwa mukono kutoka kovu mpaka muguu. Shubiri mbili na zaidi. Nikakwangua upande wa pili nikapata ukingo mwingine, ule usiopitiwa na moto, shubiri zilezile. Muguu wa kulia ulikuwa katikati ya nusu yake.

"Huu uko katikati!" nikaita. "Kulia! Ageuke kulia!"

"Uko na uhakika?" Enjenyere hakuwa anapiga kelele tena. Ilikuwa mbaya zaidi.

"Nimeshika kwa mikono."

Akaipeleka kwenye redio kama nilivyosema, neno kwa neno: ameshika kwa mikono. Sikujua muzee ataamini nini sasa. Asubuhi niliisha kumuambia nzima.

Gruu ikaanza kugeuka kulia. Nilibaki magoti pale, kiganja juu ya plaki, ninaisikia inatetemeka na kushuka, unene wa kidole, halafu wa kidole kingine, sawasawa pande zote, bila kuinuka. Nikawa nasema kwa sauti, "Inashuka sawa, inashuka sawa," na enjenyere alikuwa anarudia nyuma yangu kwenye redio. Kivuli cha konkaseri kilipita mugongoni mwangu. Upande wa kulia kulikuwa na pahali pa mawe makavu, na huko muzee aliilaza, taratibu, kama mutu anayeshusha mutoto aliyelala. Nyaya zikalegea. Ule muguu mubaya wa kushoto ulijitoa kwenye udongo kwa sauti ya matope, na tukaona ile nusu imesimama mushazari, ukingo wake ndani ya udongo mweusi mpaka nusu ya mukono.

Muzee alizima moteri. Alichukua muda kushuka. Alikuja mpaka kwenye ile plaki iliyoinama, akaitazama, akapanguza udongo kwenye kovu la moto kwa kofia yake.

"Ulikata juu ya nini, sababu gani?" aliniuliza.

Nikamueleza habari ya boti, ya watu wanne, ya kutupa majini. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Watu wa boti wako na akili," akasema. "Wao wanafikiri mbele nani atazama."

Kijana wa shati jeupe aliondoka bila kuniaga, na sikuona akicheka, hiyo ninamupa. Enjenyere aliingia ndani ya kontena. Nilipomufuata alikuwa amekaa, karatasi za gruu mbele yake.

"Gruu imelipiwa siku mbili," alisema. "Kesho saa sita inarudi mupaka."

"Kesho saa tatu konkaseri itakuwa juu ya nguzo."

"Na plaki za nusu?"

"Na plaki za nusu. Wape watu wangu karieri mpaka giza."

"Papa, leo nimesikia maneno yako ya kutosha."

"Basi njoo utazame, mama. Sitasema."

Na hapa ninajisifu, na niko na haki. Tulivua udongo wote mwekundu. Tulifukua zile nusu zote arobaini, na badala ya kuzilaza kama mukeka, nikazipanga kama fundi anavyopanga matofali: mbili chini, mbili juu yake zikiwa zimekingama, kila kiungo kikifunikwa na chuma kizima, tabaka tano chini ya kila muguu. Palipobaki bila plaki, pa kupitia matairi, tulijaza mawe ya karieri yenyewe na kuyagonga. Watu wanne kwa plaki, kama kule Kasenyi, na mumoja wa wale wanne nilikuwa miye, na viatu vya misa. Enjenyere alikuja kutazama kila tabaka. Alipima kwa utepe wake, akaandika.

Asubuhi muzee alinyanyua. Hakuna muguu ulioshuka hata upana wa ukucha. Konkaseri ikakaa juu ya nguzo zake, na mpaka leo iko pale, inavunja mawe. Barabara nyingi unazopita kwa kamyo bila kuruka-ruka zimetoka mudomoni mwake.

Kabla gruu haijaondoka, enjenyere aliniita kwenye kompyuta. Alikuwa ameweka njia zote tatu, na kwenye yangu ameongeza watu wa siku nzima, mawe, na trela iliyobaki bure siku moja zaidi.

"Ona, papa. Bado iko chini ya Mahagi. Kidogo, lakini iko chini."

"Nilikuambia."

"Ndiyo. Ulipiga hesabu muzuri." Akafunga kompyuta. "Zile karieri zingine mbili nitampa mwenzako. Usiniulize kwa nini."

Sikumuuliza. Nikatoka, nikafika nyumbani saa ya chakula, nikamukuta bibi yangu mulangoni, nikamuambia konkaseri imesimama. Akauliza tu, "Na zile karieri zingine?" Nikanawa mikono. Aliona kucha zangu, akaenda kuleta mafuta.

Yule muzee amerudi Bunia mara mbili tangu siku zile, kwa kazi za watu wengine, na mara zote mbili niliitwa kutengeneza sakafu, kwa sababu nimekwisha kusema, katika muji huu hakuna mwingine. Ananisalimu kwa mikono miwili. Amekula kwangu Ngezi, amecheka na bibi yangu. Lakini kabla hajapanda ndani ya gruu, anachukua chuma kirefu, anazunguka miguu yote minne, anafukua, anagonga, anainama kusikiliza, na miye ninasimama pembeni na kungojea amalize. Watu wa kazi wananiambia ndivyo dereva muzuri anavyofanya, kwamba siyo kwa sababu yangu. Inawezekana. Ila siku ile ya kwanza hakuzunguka. Aliniuliza miye.